Kiyama, Ufufuo na Kuzimu: Msamiati wa Maisha Baada ya Kifo katika Tafsiri ya Muungano

Uhakiki wa Biblia za Kiswahili umeshughulika kwa muda mrefu na asili ya maneno: lipi limetoka Kiarabuni, lipi ni la Kibantu, lipi lilistahili kubaki. Karl Roehl, ambaye Biblia yake kamili ilitoka mwaka 1937, aliligeuza swali hilo kuwa msingi wa kazi yake, akayaondoa maneno mengi ya Kiarabu na kuyatafutia badala yake. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, iliyozaliwa kutokana na urithi wa wafasiri wa Unguja na wa Mombasa, haikufuata njia hiyo. Mjadala huo una manufaa yake, ila umelifunika swali jingine lililo zito zaidi, yaani neno linafanya kazi gani ndani ya hoja ya matini. Neno la Kiarabu laweza kumwelea msomaji wa Kiswahili pasipo shida yoyote, na neno la Kibantu likampotosha. Msamiati wa imani ya Kikristo kuhusu maisha baada ya kifo unalidhihirisha jambo hili kuliko msamiati mwingine wowote wa Biblia, kwa sababu hapo mfasiri hutaja mambo ambayo wasikilizaji wake walikwisha kuyapa majina kabla hajafika.

Kuzimu ni mfano wa neno lililochaguliwa vizuri. Mzizi -zimu, unaoonekana katika mzimu na mizimu, umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Kinyarwanda kina abazimu, roho za waliokufa, na ikuzimu, makao yao. Kiambishi ku- kinapaonyesha mahali, wala katika umbo lenyewe hamna adhabu. Kuzimu ni kwa wafu wote, wema na wabaya. Hiyo ndiyo maana ya Sheoli ya Kiebrania, ambako Yakobo, katika Mwanzo 37:35, anatazamia kumfuata mwanawe kwa huzuni. Wafasiri wa Muungano walilitumia neno hilo kwa Sheoli na kwa Hadesi ya Kiyunani, wakaitengea Gehena jina la jehanum. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili alipewa tofauti ambayo msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 aliikosa, kwa kuwa humo Hadesi na Gehena karibu kila mara huitwa kwa neno moja. Hili halijasifiwa vya kutosha.

Hata hivyo, neno haliishi ndani ya kitabu tu. Katika Luka 16 tajiri yumo kuzimu naye anateswa. Katika Mathayo 16:18 kuzimu ina milango inayopigana na kanisa. Mahubiri yamezishika aya hizi mbili na kumwacha Yakobo. Katika lugha ya mikutano ya injili ya leo, kuzimu ni dola ya Shetani, yenye mawakala na mikataba yake, na anayetajwa kuwa ametoka huko ni mtu wa kuogopwa. Matokeo yake ni kwamba Mkatoliki anapokiri katika Kanuni ya Imani kwamba Kristo alishukia kuzimu, neno lilelile linabeba mizigo miwili isiyopatana: makao ya wafu waliokuwa wakingoja, na ngome ya adui. Katekista analazimika kufafanua kitu ambacho kwa wasikilizaji wa kwanza wa tafsiri kilikuwa wazi. Kosa hapa si la wafasiri.

Peponi halihitaji maneno mengi. Lilitoka katika matumizi ya Waislamu, likaingia katika ahadi ya Yesu kwa mhalifu msalabani (Luka 23:43), na leo dua ya kumwombea marehemu alazwe mahali pema peponi hutamkwa na watu wa dini zote mbili bila yeyote kuhisi kwamba ameazima kitu cha mwenzake. Inachekesha kidogo kwamba Biblia hiyohiyo huwaita mashetani pepo. Lakini ngeli na muktadha huyatenganisha maneno haya mawili, na ni nadra msomaji kuyachanganya.

Tatizo halisi limo katika kiyama. Neno la Kiyunani anastasis, lenye maana ya kusimama tena au kuinuka, limefasiriwa katika Tafsiri ya Muungano kwa maneno mawili. Katika Yohana 11:25 ni ufufuo. Katika 1 Wakorintho 15 ni kiyama, kama ilivyo katika mabishano na Masadukayo (Mathayo 22). Mgawanyo huu hauna kanuni inayoonekana kwa urahisi, na huenda unatokana na kazi ya mikono mingi. Kwa upande wa asili ya neno, kiyama lina utetezi madhubuti: qiyama ya Kiarabu hutokana na mzizi wenye maana ya kusimama, sawasawa na Kiyunani. Mwanazuoni anayeijua lugha hiyo ataliona kuwa tafsiri sahihi mno.

Lakini msomaji wa Kiswahili hasikii kusimama ndani ya kiyama. Husikia siku. Neno limefika kwake kupitia Kurani, ambamo sura ya 75 ina jina hilo, na kupitia fasihi ya Kiislamu ya pwani, ambayo Utenzi wa Kiyama ni mfano wake mmoja. Kwake kiyama ni mwisho wa ulimwengu, mizani na hesabu, na kwa upanuzi wa maana ni msukosuko wowote mkubwa. Hata sarufi inaonyesha kwamba neno limeachana na mzizi wake. Muungano huandika kiyama ya wafu, kwa upatanisho wa neno la mkopo ambalo ki- yake ni sehemu ya shina. Ilhali si ajabu leo kusikia kwamba kiyama kimefika, kana kwamba ki- ni kiambishi cha ngeli, kama ilivyotokea kwa kitabu na vitabu. Neno lililokwisha kugawanywa upya kiasi hicho haliwezi kutazamiwa kukumbuka kitenzi lilikozaliwa.

Athari yake inaonekana pale hoja ya Paulo inapotegemea uhusiano wa nomino na kitenzi. Baadhi ya Wakorintho walikana anastasis ya wafu; Paulo anajibu kwamba kukana huko kunamkana Kristo mwenyewe, maana kama hilo la jumla haliwezekani, hili la mmoja halikutokea. Ni kweli kwamba Paulo naye anatumia mizizi miwili: nomino anastasis na kitenzi egeiro. Kwa jicho la haraka, kiyama pamoja na kufufuka vinamwiga kwa uaminifu. Tofauti ni kwamba mizizi yote miwili ya Kiyunani ina maana ya kuinuka, na msikilizaji wake hahitaji daraja. Katika Kiswahili, sentensi inayokana kiyama inakana siku ya mwisho, na sentensi inayofuata inazungumzia mtu aliyetoka kaburini. Kati yake pana pengo. Kwa nini asiyeamini mwisho wa dunia ashindwe kuamini kwamba Kristo yu hai? Msomaji makini atajiuliza, na ufasaha wa Paulo utaonekana kuwa ubishi tu. Biblia Habari Njema, kwa kuweka ufufuo mahali pa kiyama, imeliziba pengo hilo. Kwa kweli imeifanya hoja ibane kuliko ilivyo katika Kiyunani, kwa kuwa nomino na kitenzi sasa ni vya shina moja.

Kuna jambo la pili, dogo kwa umbo lakini zito kwa maana. Katika aya ya 16 Paulo anatumia kitenzi kimoja, katika kauli ya kutendwa, kwa wafu na kwa Kristo pia. Muungano unawatenganisha: wafu hawafufuliwi, Kristo hakufufuka. Kauli ya kutendeka haisemi kwamba mtendwa alijifanyia mwenyewe. Mlango uliofunguka haukujifungua. Inachofanya ni kumwondoa mtendaji asionekane. Kwa msikilizaji wa ibada ya Pasaka, aliyezoea kutangaziwa kwamba Kristo amefufuka, nafasi hiyo iliyo wazi hujazwa na Kristo mwenyewe, kwa uwezo wake, kama inavyosemwa katika Yohana 10:18. Imani hiyo ni halali, lakini siyo inayojengwa na Paulo hapa. Aya ya 15 inataja waziwazi kwamba Mungu ndiye aliyemfufua, na nguvu ya hoja ni kwamba Kristo na wafu wamo katika hali moja, wakingoja tendo la Mwingine. Kutofautisha kauli ni kumwinua Kristo kwa heshima na, bila kukusudia, kumtenga na wale anaopaswa kuwatangulia.

Aya ya 20 inarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea, na inafanya hivyo kwa neno moja: limbuko. Si rahisi kupata neno bora zaidi. Mkulima anayelimbuka mahindi mabichi anajua kwamba yaliyomo mkononi na yaliyosalia shambani ni ya mbegu moja, mvua moja na msimu mmoja. Ya kwanza hayaliwi kama muujiza uliojitenga bali kama ushahidi wa yanayokuja. Hapo Kristo na wafu wanaunganika tena, na msomaji aliyepotea katika kiyama anaipata njia.

Sura hii husomwa sana mazishini, mara nyingi kutoka Tafsiri ya Muungano, ambayo waumini wazee wameihifadhi moyoni na hawapendi ibadilishwe. Katika aya ya 42 kiyama kinatajwa kwa mara nyingine, kisha papo hapo vinafuata vitenzi viwili vinavyorudiwarudiwa: hupandwa, hufufuliwa. Vyote viwili ni vya kauli ya kutendwa, vyote vimemficha mtendaji, na husomwa mbele ya watu walioshika majembe, wakisubiri kufukia.