Khanga Kuukuu Kwenye Kitalu cha Nyanya

Kiangazi kikifika mwisho, Septemba kuelekea Oktoba, Nyahanga, mtaa wa Kahama, hukauka kwelikweli. Mvua za Kahama ziliaga tangu Mei, na mpya hazitegemewi sana kabla ya Novemba. Ndipo wanawake wa mtaa huu wanapootesha nyanya, ili mvua ikianza miche iwe imeshashika mizizi. Nawaheshimu sana kwa hilo, na hasa kwa kitu wanachokitegemea: khanga iliyochakaa.

Mbegu ya nyanya ni nyepesi. Maji ya ndoo yakimwagwa ovyo huifukua na kuirundika pembeni. Kwa hiyo khanga hutandazwa juu ya tuta lenyewe, pindo likabanwa kwa mawe, na maji yakanyunyizwa juu yake kwa kopo lililotobolewa matundu. Mengi ni maji ya kusuuzia. Maji ya Ziwa Victoria yalifika Kahama kwa bomba mwaka 2009, lakini ankara nayo hufika kila mwezi. Kila asubuhi kona moja hufunuliwa kuchungulia. Vichipukizi vikichomoza tu, khanga huinuliwa siku hiyohiyo na kutundikwa juu ya vijiti iwe kivuli. Ukichelewa, miche hurefuka na kupauka.

Khanga mpya haifai kazi hii. Bado ina wanga wa kiwandani, na maji huteleza juu yake. Inayofaa ni ile iliyofuliwa miaka na miaka, ikafungwa kiunoni, ikabeba watoto mgongoni, ikasokotwa kuwa kata ya kutwishia ndoo. Uchakavu ndio ulioilainisha. Nimewaona wakiikunja na kuitunza kama mbegu bora, na naona wako sahihi.

Nyanya zikirefuka, khanga ileile huchanwa. Hapa mkono wa fundi huonekana: pindo hutiwa kisu kidogo, kisha nguo huvutwa kwa mikono miwili kufuata uzi, ikatoka tepe iliyonyooka. Tepe huzungushwa kwenye kijiti, ikapishana katikati kwa umbo la namba 8, ndipo ikakumbatia shina kwa ulegevu. Waya hukata shina, katani hulikwaruza. Pamba chakavu huliachia nafasi ya kunenepa.

Na pamba hapa ni mwenyeji. Usukuma umeilima vizazi kwa vizazi, watafiti wa kituo cha Ukiriguru wakazalisha aina kama UK91 na UKM08, na kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kikawa kinafuma vitenge na khanga.

Siku hizi lazima uchague, kwa sababu nguo nyingi za madukani na za mitumba zimechanganywa poliesta. Chomoa uzi mmoja uuwashe kwa kiberiti. Pamba huungua ikanuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikajikunja kuwa kidonge kigumu. Yenye kidonge ibaki ndani, ishonwe foronya au mfuko wa sokoni. Tepe za pamba zikisahaulika shambani baada ya mavuno huoza zenyewe. Za poliesta hukaa palepale hadi ng'ombe wa jirani azimeze pamoja na mabua, na tumbo lake haliwezi kuzisaga.