Kigeri Yupi? Majina ya Wafalme wa Rwanda

Mwanafunzi aandikapo kwamba Kigeri alifariki mwaka 1895, twamwuliza: Kigeri yupi? Vitabu humjibia kwa nambari, Kigeri IV, kama vile mafarao walioitwa Ramesses wahesabiwavyo hadi wa 11. Nambari hizo, huko Misri na hapa kwetu, zilitiwa na waandishi wa baadaye. Wamisri waliwapambanua wafalme wao kwa majina mengine ya kutawazwa. Wanyarwanda walisema Kigeri Ndabarasa, Kigeri Rwabugiri, wala hapakuwa na utata.

Ulinganifu wakomea hapo. Kwa mujibu wa mapokeo, tangu Mutara Semugeshi majina yalikwenda kwa zamu: Mutara au Cyirima (hawa wawili wakipokezana), kisha Kigeri, Mibambwe na Yuhi, halafu mzunguko ukaanza upya. Kila jina lilikuwa na kazi yake. Kigeri na Mibambwe walikuwa wafalme wa vita. Yuhi, mfalme wa moto, alikatazwa kuvuka mto Nyabarongo.

Padri Alexis Kagame (1912–1981) twamshukuru kwa kuyahifadhi mapokeo hayo. Lakini alipoyageuza kuwa kalenda, akikipa kila kizazi miaka 33 na kumweka Gihanga katika karne ya 11, aliyatwika mzigo yasioweza kuubeba. Jan Vansina alimpinga mwaka 1962, na tena mwaka 2001 alipoanzisha ufalme huo kwa Ruganzu Ndori, katika karne ya 17. Nasi twaelekea upande wake. Orodha iliyotunzwa kwa ajili ya ibada huhifadhi zamu. Miaka haikuwa shughuli yake.

Na zamu hiyo ilikuwa na nguvu ajabu. Mwaka 1896 Mibambwe Rutarindwa aliangamia Rucunshu. Waliompindua, ambao hawakusita kumwaga damu ya mfalme, walimpa kijana Musinga jina la Yuhi, kama zamu ilivyotaka. Wabelgiji walipomwondoa Musinga mwaka 1931, mwanawe Rudahigwa aliitwa Mutara. Mwaka 1959 Ndahindurwa akawa Kigeri, miaka michache tu kabla ya jamhuri.

Ndahindurwa alifia ugenini, Marekani, mwaka 2016. Aliyetangazwa mwaka 2017 kuwa mrithi wake, bila kiti wala nchi ya kutawala, alijiita Yuhi. Mibambwe amerukwa, na vitabu vyetu vya shule havijaligusia jambo hilo.