Sifa za Mpiga Kamera wa Jukwaani

Siku ya tamasha la kwaya au igizo la vijana hapa Hewa Bora, Lubumbashi, macho yote huelekea mbele. Aliyesimama nyuma ya ukumbi, kamkoda yake ikiwa juu ya stendi, hatazamwi na mtu, na akikatiza mbele ya benchi hukemewa. Kesho yake ndiye anayetafutwa. Mama anataka kumwona mwanawe akiimba, ndugu aliyeko Kolwezi au Brussels anasubiri video kwenye simu. Wote hao wataona na kusikia kile tu alichoamua yeye. Mtu anayeamua kwa niaba ya wengi hivyo anastahili kusifiwa, na sifa yake ya kweli imo katika vitufe anavyovigusa.

Kamkoda ikiachwa ijiendeshe hufuata wastani: hukusanya mwanga wote ulio ndani ya picha na kutafuta katikati yake. Uani, mchana, jambo hilo halina madhara. Jukwaani pazia jeusi limejaza sehemu kubwa ya picha, na taa moja inamwangukia msemaji. Kamera inaona giza, inafungua lenzi, na uso wa msemaji unageuka doa jeupe lisilo na macho wala machozi. Fundi huinyang'anya kamera uamuzi huo. Hupima mwanga usoni, akaufunga hapo kwa mkono, na pazia akaliacha lizame gizani. Hakuna aliyelipa kiingilio ili atazame pazia.

Na uso wenyewe ni mweusi, jambo ambalo wakubwa wa picha za rangi hawakulifikiria mapema. Kwa miongo kadhaa maabara zilirekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyoitwa Shirley. Kodak ilipoanza kuboresha namna filamu zake zinavyopokea rangi za kahawia, malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani yalikuwa miongoni mwa yaliyoisukuma. Mazoea hayo yameacha mabaki. Mistari ya zebra, ile inayocheza kwenye skrini kuonya kwamba mwanga umefika kiwango fulani, wengi hufundishwa kuiweka asilimia 70 kwa ajili ya ngozi. Kipimo hicho ni cha ngozi nyeupe. Ukiupandisha uso wa mwimbaji wetu mpaka hapo, umempausha. Fundi wa hapa hushuka chini ya kiwango hicho na kuliamini jicho lake: weusi ubaki na kina chake, jasho la paji la uso ling'ae peke yake, na kanzu nyeupe ya kwaya isiungue.

Baada ya mwanga huja umeme. Umeme wetu ni wa hetzi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kila sekunde, haraka kuliko jicho linavyoweza kugundua. Kamera hugundua. Shata ikiwa 1/50 ya sekunde, kila picha humeza mipepeso miwili kamili na video hutulia. Kamera iliyonunuliwa Marekani, kwenye umeme wa hetzi 60, ikibaki kwenye 1/60, video huanza kupumua, inang'aa na kufifia. Taa za LED za bei nafuu zina mdundo wao wenyewe, na umeme ukikatika jenereta huleta mwingine, maana mdundo wake hufuata mwendo wa injini. Ndiyo sababu fundi hufika kabla ya watazamaji, akaomba taa zote ziwashwe, akasogeza kasi ya shata kidogo kidogo mpaka mistari ya mpepeso iache kutembea.

Giza likizidi, kuna kishawishi cha kuongeza geini. Kila desibeli 6 huongeza nguvu ya picha maradufu, lakini chembechembe nazo huongezeka, na picha hujaa mchanga. Kuvuta kwa zumu kutoka mbali nako hupoteza mwanga, kwa kuwa lenzi nyingi hujibana zinaporefuka. Anayejua kazi husogeza stendi karibu kabla ya kugusa geini. Mizani ya weupe pia huifunga, kwenye kelvini 3200 kama taa ni za balbu za moto. Tuseme mwongozaji amewasha taa za bluu ili jukwaani kuwe usiku. Kamera iliyoachwa huru hudhani rangi imekosewa na kuanza kuurudisha mchana. Fokasi vilevile: taa zikizimwa kati ya sehemu mbili, fokasi ya otomatiki huhangaika gizani na kuzinduka mwigizaji akiwa ameshatamka neno lake la kwanza.

Sauti nusura isahaulike. Ikijirekebisha yenyewe, mwigizaji akinyamaza ili tuumie pamoja naye, kamera hupandisha mngurumo wa jenereta. Fundi huweka kiwango kwa mkono, akavuta waya mmoja kutoka kwenye miksa, na kipaza sauti kingine akakielekeza kwa watu. Huku kwetu watazamaji hucheka, hujibu na humwonya mhusika anayedanganywa. Video isiyo na sauti zao imepoteza nusu ya onyesho.

Kwa nini kujitesa hivi? Kwa sababu michezo mingi ya mji huu haina maandishi. Kundi la Mufwankolo, lililojulikana kote Katanga kwa redio na televisheni, liliigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi bila kukariri kitabu: waigizaji walikubaliana mtiririko, maneno yakazaliwa mazoezini. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa yote, hayagawanywi. Wakaujibu kwa mchezo mzima, uliorekodiwa na televisheni katika kijiji cha Kawama. Fabian alinukuu mazungumzo yao na kuyachapisha mwaka 1990. Leo tunaweza kuyasoma kwa sababu kuna waliobonyeza kitufe cha kurekodi. Mchezo usioandikwa hauna kitabu kingine, na anayepanga kamera ndiye mhariri wake.

Kwa hiyo, kiongozi wa kwaya na mwalimu wa maigizo, usimwite mpiga kamera saa moja kabla ya onyesho. Mwite kwenye mazoezi, mwonyeshe taa zote, mwambie ni wapi mtanyamaza na wapi mtapiga kelele, na mpe waya wa miksa. Mlipe kama mnavyomlipa mpiga gitaa. Kisha mwombeni nakala mbili, mziweke katika nyumba mbili tofauti.