Heko kwa Wasoma Kasoro za Sarafu

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipokuwa wameziba njia za bahari, Wajerumani waliotawala Afrika Mashariki ya Kijerumani walilazimika kutengeneza sarafu zao katika karakana ya reli huko Tabora. Haraka ile iliacha alama, na wajuzi wa sarafu wanastahili pongezi kwa kutusomea alama hizo.

Mpe mmoja wao sarafu ya heller 20 ya Tabora. Ataiweka chini ya kioo cha kukuzia na kukagua taji: ni kubwa au dogo? Kisha herufi L za neno HELLER: ncha zimejikunja au zimechongoka? Ni shaba nyekundu au ya njano? Mstari uliotuna huonyesha kwamba chapa ya chuma ilikuwa imepasuka. Uliochimbika ni mkwaruzo wa baadaye. Wa kwanza huweza kupandisha bei, wa pili huishusha.

Wala hawaisugui sarafu ing'ae, maana kusugua hufuta ushahidi. Naiheshimu sana subira hiyo. Bila macho yao, shida ya vita na jasho la karakana ya Tabora vingepimwa kwa kilo, pamoja na vyuma chakavu. Hongera zao!