Gesi Haiishi

"Inapoa ukiwa unatembea, au ukiwa umesimama?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza la fundi, kabla hajafungua boneti, kabla hata hajaweka chini kikombe chake cha kahawa. Ilikuwa Februari, kaskazi imekolea. Joto la Dar es Salaam la mwezi huo analijua aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana vioo vikiwa chini. Mama yangu alikuwa kiti cha nyuma, anajipepea kwa ncha ya kanga bila kusema neno. Tulikuwa tunatoka Kibaha. Njia nzima gari lilikuwa na ubaridi mzuri, lakini tulipoikuta foleni hewa ikawa ya uvuguvugu, kisha ya moto kabisa.

Kwa tatizo hilohilo nilikuwa nimeshapita gereji nyingine mara tatu. Mara ya kwanza waliniambia gesi imeisha, wakajaza. Baada ya wiki mbili gesi ikawa imeisha tena, wakajaza. Safari ya tatu wakasema kompresa imekufa, nitafute laki sita na nusu. Ndipo jirani akanielekeza Ilala, kwa huyu mzee anayefanya kazi chini ya mkungu.

Nilimjibu kwamba ikitembea inapoa, ikisimama haipoi. Nilimweleza pia habari ya kompresa.

"Kompresa ikifa, mwanangu, imekufa," alisema. "Haichagui barabara na foleni."

Wengi wetu tunadhani kiyoyozi cha gari kinatengeneza baridi. Mimi nilikielewa siku nilipoukumbuka mtungi wa bibi. Mtungi wa udongo hutoka jasho kwa nje, jasho likikauka linaondoka na joto, na maji ya ndani yanabaki ya kuburudisha koo. AC ni ujanja huohuo uliofungiwa ndani ya mabomba. Gesi ya R-134a, iliyomo kwenye magari mengi tunayoendesha, ikiachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Inachemkia nyuma ya dashibodi, kwenye evapoleta, na katika kuchemka inachukua joto la abiria. Kompresa inaivuta, inaibana hadi iwe ya moto sana, inaipeleka kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta. Hapo upepo unalichukua lile joto, gesi inageuka majimaji, safari inaanza upya. Baridi haikutengenezwa popote. Joto limebebwa kutoka ndani likatupwa nje, na likikosa pa kutupwa linabaki na nyinyi.

Sasa, kondensa hupata upepo kwa njia mbili: mwendo wa gari, au feni. Kibaha gari lilikuwa linajipepea lenyewe. Ubungo lilihitaji feni. Kwa jibu langu moja tu mzee alikuwa ameshaujua ugonjwa, nina hakika. Na hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi yake, maana hakuniambia. Alikwenda kupima.

Alifunga geji zake, mpira wa buluu kwenye bomba nene, mwekundu kwenye bomba jembamba. Injini ilikuwa imezimwa, na mishale yote miwili ilisimama karibu na 100. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo gesi iliyomo. Akasema hapana, hiyo namba inafuata joto la mchana. Gesi ikiwa nusu au ikiwa imejaa, mradi kuna majimaji kidogo ndani, gari likilala geji itasoma vilevile. Nikakumbuka gereji ile nyingine, jinsi kijana alivyoitazama geji injini ikiwa imezimwa na kutoa hukumu.

Akawasha. Tukasikia "tak", klachi ya kompresa imeshika. Mshale mwekundu ukapanda, 200, 250. Kwa siku ya joto kama ile angeridhika ungeishia hapo. Ukapita 300, ukapita 400, muda si mrefu "tak", klachi ikaachia kujiokoa. Kompresa iliyokufa haiwezi kusukuma hivyo. Mzee akachota maji kwa kopo, akayamwaga taratibu kwenye kondensa kupitia matundu ya mbele. Macho yangu yalikuwa kwenye geji: mshale ulishuka kana kwamba umevutwa kwa kamba. Mama, aliyekuwa amekataa kushuka, akasema kutoka ndani, "Imerudi."

Kopo la maji ndilo lililoiondolea kompresa kesi. Mzee akainama kutazama feni: imetulia tuli. Akaichomoa rilei yake, akachomeka rilei ya honi iliyofanana nayo kila kitu. Feni ikavuma.

Lilibaki jambo moja. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachosema gari linabeba gesi kiasi gani. Langu ni gramu 450. Alileta mashine ya kunyonya, akaivuta gesi yote kwenye mtungi uliokaa juu ya mizani. Zilitoka gramu 640. Gesi niliyoambiwa mara mbili kwamba imeisha ilikuwa imezidi kwa gramu 190, na ziada hiyo nayo ilikuwa inaisukuma presha juu. Alivuta hewa kwenye mabomba kwa nusu saa, akahakikisha mshale hausogei, akarudisha 450 kwa mizani.

Nimelifikiria sana neno hilo, imeisha. Tunasema gesi imeisha kama tunavyosema luku imeisha, unga umeisha, mafuta yameisha. Kitenzi ndicho kinachotupoteza. Gesi ya AC haitumiki. Inazunguka, na gramu iliyoingia leo ndiyo itakayokuwa humo mwakani, ukiondoa kidogo sana kinachopenya kwenye mipira kwa miaka. Ikipungua ghafla imevuja, na palipovuja pana alama: mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo kwenye tundu hubaki doa la mafuta lililoshika vumbi. Fundi mzuri hulitafuta doa hilo kwa tochi, akapaka povu la sabuni, akangoja mapovu. Kujaza bila kutafuta tundu ni kuuza gesi ileile mara mbili, tena gesi isiyo na utani: kilo moja ya R-134a ikiachwa hewani hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Ndiyo maana mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, yakairekebisha Itifaki ya Montreal ili gesi za jamii hii zipunguzwe.

Wewe mwenye gari huhitaji geji kuanza kupima. Kama upepo wenyewe ni hafifu, hata ukiwa wa baridi, fungua kasha la mbele ya abiria utazame chujio la hewa. Kwenye magari mengi yaliyokuja mtumba kutoka Japani nimeona chujio lililojaa majani na vumbi tangu lilipoteremka bandarini. Washa AC usikilize ile "tak". Simama mbele ya gari uone kama feni inazunguka. Tazama kondensa isiwe imezibwa na matope na wadudu. Maji yakidondoka chini ya gari furahi, ni unyevu wa hewa uliopozwa ukawa matone. Hewa ikianza vizuri kisha ikafifia baada ya nusu saa, na ukizima kidogo inarudi, huenda evapoleta imeshika barafu. Mlango wa gesi wenyewe usiuguse: majimaji yake yakikurukia yanaunguza ngozi na macho kwa ubaridi.

Kiswahili kina neno moja, kupima, kwa mizani ya sokoni, kwa damu hospitalini na kwa kazi ya mzee yule. Nadhani ni sawa kabisa.

Jioni alinitajia hesabu: rilei elfu kumi na tano, kazi ya gesi elfu hamsini. Nikamuuliza ya kupima ni ngapi. Akasema hiyo huwa hailipishi, wateja hawakubali kulipia kitu wasichoweza kukishika mkononi. Nimekaa na jibu hilo tangu siku ile, kwa sababu linaeleza habari ya laki sita na nusu vizuri zaidi kuliko tamaa ya gereji yoyote. Tunalipia spea, basi tunauziwa spea. Ndugu msomaji, ukimpata fundi anayeuliza kabla ya kufungua boneti, mlipe saa yake ya kupima, hata kama mwisho wake amekuambia gari lako halina ubovu.