“Bana pumzi, hapa hapana kina”

Mtoto wa Msimbati au Mikindani anajua hili mapema sana: ukizama, bana pumzi mpaka utoke. Kwa mpiga mbizi anayefuata pweza bila mtungi, ushauri huo ni sahihi kabisa. Tatizo ni pale mtu anapoubeba vilevile akaenda kufundishia wenzake kuzamia na mtungi wa hewa.

Fizikia yake ni fupi. Juu ya maji tunabeba mgandamizo wa angahewa moja, na kila mita 10 za bahari zinaongeza nyingine. Hewa inasinyaa kadiri inavyogandamizwa, kama Robert Boyle alivyoonyesha mwaka 1662. Mvuvi anavuta lita 5 akiwa juu. Kwenye mita 10 zinabaki lita 2.5, akirudi juu zinakuwa zilezile 5. Hana deni. Mwenye mtungi je? Yeye anavuta lita 5 akiwa hukohuko chini, maana kifaa cha mdomoni kinampa hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka. Akibana pumzi akapanda, hewa ile inadai lita 10 kifuani. Hakuna nafasi hiyo. Mapafu yanachanika, na viputo vinaweza kuingia kwenye damu vikafika hadi kwenye ubongo.

Ndiyo maana mimi “hapa maji mafupi tu, usijali” inanitisha kuliko mtungi wenye kutu (kutu angalau unaiona). Kutoka mita 40 hadi 30 hewa inapanuka kwa robo tu. Kutoka mita 10 hadi juu, inapanuka mara mbili! Hizo za mwisho ndizo kali.

Kadi ya ualimu iombe, ni haki yako, lakini saa ya kwanza inasema mengi zaidi. Muulize: kwa nini nisibane pumzi? Akikujibu “wewe nifuate tu,” basi somo hana, ana njia anayoijua yeye. Najua kwetu kumuuliza mwalimu mara ya pili huonekana utovu wa adabu, na wapo wanaojificha humo. Mwalimu wa kweli atakutaka utoe kifaa mdomoni na kukirudisha, ujaze maji kwenye miwani na kuyatoa, mkiwa mahali unapoweza kusimama, na atarudia mpaka uache kuhangaika. Anayeruka hatua hiyo eti kwa sababu boti inasubiri na maji yanakupwa, anafuata ratiba ya boti.

Kozi ya mwanzo ya PADI ina mizamo minne baharini kwa siku zisizopungua 2, na kikomo chake ni mita 18. Sasa mtu akikuahidi cheti leoleo, pamoja na matembezi kwenye matumbawe ya Ghuba ya Mnazi, ambayo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, muulize amekata wapi.

Kuna na suala la ndege. Naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji hutoka taratibu, na angani mgandamizo unapungua, viputo vikapata upenyo. Ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na 18 baada ya mizamo kadhaa. Anayekuzamisha asubuhi bila hata kukuuliza unasafiri lini, wakati tiketi yako ya Mtwara kwenda Dar ni ya mchana, mwachie mtungi wake.