Uhalisi kama Kigezo cha Hukumu: Usanii, Uteuzi wa Muziki na Mtazamo wa Kitamaduni katika Ngoma za Mashindano za Nachingwea na Ruangwa

5.1 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki kigezo kimoja kinachojitokeza mara kwa mara katika mijadala ya kutathmini ngoma za mashindano nchini Tanzania, yaani uhalisi. Kigezo hicho kimo ndani ya istilahi yenyewe. Ngoma inayopelekwa jukwaani huitwa "ngoma ya asili", na kwa jina hilo huchukuliwa kuwa kitu kilichokwisha kukamilika zamani, ambacho kazi ya mchezaji wa leo ni kukionyesha bila kukiongeza wala kukipunguza. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba uhalisi wa namna hiyo haufai kuwa kipimo cha usanii. Kwanza, huadhibu ubunifu ambao ndio uliozizaa ngoma hizo. Pili, hutazama umbo la ngoma bila kuuliza kama wenye ngoma wameridhia itumike, na hivyo huacha mlango wazi kwa mambo ya faragha ya jamii kuchukuliwa na kuonyeshwa hadharani.

Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi, zinafaa kwa mjadala huu kwa sababu swali la "asili ya nani?" haliepukiki huko. Wamwera ndio wanaohusishwa zaidi na eneo hilo, lakini wanaishi pamoja na Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ulileta Nachingwea vibarua kutoka sehemu nyingi. Baadaye, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO ilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo karibu na Nachingwea, na watu wa majimbo mbalimbali ya Msumbiji walikutana hapo na nyimbo na ngoma zao. Katika mazingira ya namna hii, ngoma isiyogusana na ngoma ya jirani ni vigumu kuifikiria.

5.2 Msingi wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Utendaji, hususani mtazamo wa Bauman (1977). Kwa mujibu wa mtaalamu huyo, utendaji ni hali ambayo mtendaji anachukua dhima mbele ya hadhira ya kuonyesha umahiri wake, naye anakubali kupimwa na hadhira hiyo. Ingawa Bauman aliandika kuhusu sanaa ya maneno, wazo lake linafaa pia kwa ngoma, kwani linaiweka hukumu ndani ya tendo la kisanaa. Kwa hiyo, anayehukumu anapobadilika, sanaa yenyewe hubadilika.

Mashindano si jambo geni katika ngoma za Afrika Mashariki. Makala zilizokusanywa na Gunderson na Barz (2000) zinaonyesha kuwa ushindani ni mojawapo ya nguvu kuu zilizokuza muziki wa eneo hili. Miongoni mwa Wasukuma, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo linalohesabiwa kuwa limeshinda. Watazamaji hupiga kura kwa miguu yao. Suala la kuhakiki, basi, si kwamba ngoma inashindanishwa, bali ni nani anayeamua mshindi na kwa kipimo gani.

5.3 Kutoka Uwanjani hadi Jukwaani

Sindimba ni mfano mzuri. Ngoma hii inahusishwa zaidi na Wamakonde, lakini baada ya uhuru ilichukuliwa kuwa mojawapo ya alama za taifa. Wizara iliyoshughulikia utamaduni iliundwa mwaka 1962, na kikundi cha taifa cha ngoma kilichofuata kiliipeleka sindimba mbele ya wageni wa serikali na hadhira za mijini. Askew (2002) na Edmondson (2007) wameeleza kwa kina jinsi ngoma za makabila zilivyofanyiwa marekebisho ili ziwakilishe taifa. Kutokana na historia hiyo, mwanafunzi wa Ruangwa asiye Mmakonde anaweza kucheza sindimba kama ngoma "yake" ya asili.

Uwanjani, ngoma za kusini kwa kawaida huchezwa katika duara. Mtazamaji yuko hatua moja tu kutoka kwa mchezaji. Akivutiwa hupiga vigelegele, huingia kati kumtuza, au hujiunga kucheza. Kutuza ni hukumu inayotolewa papo hapo, na mchezaji huijibu papo hapo kwa kurudia mtindo uliopendwa au kuuzidisha. Jukwaani, duara hufunguka na kuwa mstari, na wachezaji hugeukia upande mmoja, waliko majaji au wageni rasmi. Hukumu huja baada ya ngoma kwisha, na mchezaji hana nafasi ya kuijibu. Hali hii inadhihirisha kwamba kinachopotea kwanza jukwaani si hatua za miguu wala mavazi. Hayo huhifadhika vizuri, pengine kupita kiasi. Kinachopotea ni majibizano.

Katika mashindano ya shule za msingi na sekondari, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, ngoma na kwaya huwekwa katika kundi la "fani za ndani" sambamba na riadha na mpira. Mpangilio huo una faida kubwa, kwa kuwa umewapa watoto wengi sababu ya kujifunza ngoma. Hata hivyo, unairithisha ngoma mantiki ya michezo mingine, ambamo ubora lazima uhesabike.

5.4 Ulinganisho: Ngoma juu ya Barafu

Mchezo mmoja uliopambana na tatizo hili kwa muda mrefu ni ule wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu. Kwa miongo mingi majaji wake walitoa alama zisizozidi 6.0. Baada ya kashfa ya upangaji wa matokeo katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilipitisha mwaka 2004 mfumo mpya unaohesabu kila mruko na kila mzunguko, na kutenga alama za usanii katika vipengele vitano. Tangu msimu wa 2022/23 vipengele hivyo vimepunguzwa kuwa vitatu: utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza.

Mfumo huo umeongeza uwazi, lakini tukio la mwaka 2010 linaonyesha kikomo chake. Msimu huo, wanandoa wa barafu walitakiwa kuandaa ngoma moja yenye mahadhi ya kienyeji ya taifa lolote. Oksana Domnina na Maxim Shabalin wa Urusi walichagua ngoma waliyodai ni ya wenyeji wa asili wa Australia. Viongozi wa wenyeji hao walilalamika kuwa muziki, michoro ya mwilini na miondoko iliyotumika haikuwa yao na iliwadhalilisha. Jozi hiyo ilirekebisha sehemu ya mavazi, ikaendelea na ngoma hiyo, na ikapata medali ya shaba katika Olimpiki ya Vancouver. Katika msimu huohuo, Meryl Davis na Charlie White wa Marekani walitumia muziki wa filamu za Kihindi baada ya kujifunza kwa mtaalamu wa ngoma za Kihindi. Kazi yao ilipokelewa vyema hata na Wahindi wengi, nao wakapata medali ya fedha.

Jozi zote mbili ziliazima. Tofauti yao haikuwa katika kuazima bali katika uhusiano wao na wenye mali. Hata hivyo, karatasi ya majaji haikuwa na mahali pa kuandika tofauti hiyo. Majaji wangeweza kupima kasi, ulinganifu na uwasilishaji, ilhali watu waliojua maana ya ngoma iliyochezwa hawakuwa na kiti mezani. Ndipo mfano wa barafu unapogusa Nachingwea na Ruangwa: jopo laweza kuwa la haki kwa hesabu na lisiwe na haki kwa utamaduni.

5.5 Uteuzi wa Muziki

Ulinganisho huo una mpaka wake. Mteleza barafu huchagua muziki uliorekodiwa, huukata ulingane na dakika alizopewa, kisha huufuata. Muziki hauwezi kumsubiri akianguka. Katika ngoma za kusini, mchezaji na mpigaji huongozana: mpigaji mzuri husoma kiuno na bega la mchezaji, na mchezaji mzuri humlazimisha mpigaji kubadili pigo. Kwa hiyo, kuuliza "kundi hili limechagua muziki gani?" ni kuuliza swali la barafu mahali ambapo muziki huundwa wakati wa kuchezwa.

Hali hii inaonekana hata katika maandalizi ya vyombo. Ngozi ya ngoma huoteshwa moto hadi ikaze na kutoa sauti inayotakiwa, na ikilegea hurudishwa motoni. Kundi linaloitwa jukwaani kwa zamu na kupewa dakika chache huingia na ngozi iliyokwisha kulegea, au huchagua mapigo yasiyodai sauti kali. Uteuzi wa muziki hapo umefanywa na saa, si na msanii.

Maneno ya nyimbo nayo hupitia mabadiliko. Wimbo wa Kimwera unapotafsiriwa kwa Kiswahili ili ulakiwe na hadhira ya kitaifa, au unapopewa maudhui ya kampeni ya mwaka huo katika mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, mizani yake hubadilika na pigo hulazimika kuufuata. Si lazima matokeo yawe mabaya, kwani watunzi wa ngoma wamekuwa wakiingiza habari mpya katika nyimbo siku zote. Kinachozua shaka ni mgongano wa matarajio: kundi hutakiwa kuimba ujumbe wa leo kwa lugha ya taifa, na papo hapo hutakiwa liwe "asilia".

5.6 Beni na Udhaifu wa Kigezo cha Uhalisi

Udhaifu wa kigezo hiki unaonekana wazi kikitumiwa kuihukumu beni. Ranger (1975) ameeleza jinsi ngoma hiyo ilivyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika yote, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kupitia askari, wapagazi na makarani. Vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa gwaride, sare, vyeo na mapigo yaliyoigwa kutoka bendi za kijeshi za wakoloni. Baadhi ya maofisa waliiona kuwa uigaji wa kitoto, na wengine wakahofia kuwa ni njama. Ranger anaonyesha kuwa haikuwa hili wala lile. Wachezaji walichukua ishara za mamlaka, wakazitia katika ushindani wao wa zamani, na kujenga vyama vya kusaidiana katika raha na msiba.

Jopo linalopima uhalisi lingeiondoa beni katika raundi ya kwanza. Lakini katika kipindi chake hakukuwa na ngoma iliyokuwa hai kuliko hiyo. Si bahati tu kwamba mwandishi huyohuyo alishirikiana na Hobsbawm kuhariri kitabu cha mwaka 1983 kuhusu mila zilizobuniwa. Mambo mengi yanayoitwa ya kale yana tarehe ya kuzaliwa, na sindimba ya jukwaani ni mojawapo.

Watetezi wa uhalisi wana hofu ya haki: pasipo kigezo hicho, muziki wa kizazi kipya utaimeza ngoma. Hata hivyo, ngoma haijawahi kulindwa kwa kukatazwa kuazima. Kinachoidhoofisha ni kukatika kwa mazungumzo baina ya mchezaji, mpigaji na watazamaji, na kundi linaloitwa asilia laweza kuwa limeyakata kabisa.

5.7 Unyago na Suala la Idhini

Upande wa pili wa hoja ni mzito zaidi. Baadhi ya nyimbo na miondoko ya kusini ni ya jando na unyago. Ni mafunzo yanayotolewa faraghani na makungwi kwa mwali aliyefikia wakati wake. Mwalimu wa michezo anayetafuta ushindi huweza kuvutwa na mafunzo hayo kwa sababu hakuna kilicho "asilia" zaidi. Kigezo cha uhalisi humpa motisha ya kuyapandisha jukwaani na kuwachezesha wasichana mbele ya umati, mafunzo yakiwa yametengwa na wakati, mahali na watu wake. Wimbo uliokusudiwa kumfundisha mwali siri ya utu uzima hugeuka kuwa kichekesho cha kiuno. Kungwi anayejua kwa nini wimbo huo huimbwa usiku hana nafasi katika uamuzi huo, kama ambavyo wenyeji wa Australia hawakuwa nayo mwaka 2010.

5.8 Hitimisho

Uhakiki huu umebaini kwamba kigezo cha uhalisi hukosea pande mbili: hubana panapostahili uhuru, na huachia panapostahili ulinzi. Badala yake yanapendekezwa maswali mawili. La kwanza ni la usanii: je, mchezaji, mpigaji na hadhira wanajibizana, na je, kuna jambo linaloundwa kati yao? La pili ni la utamaduni: je, wenye ngoma hii wanajua kwamba inachezwa hapa, na wameridhia?

Maswali hayo yana matokeo ya kivitendo. Duara lirudishwe, hata ndani ya uwanja wa shule. Muda uanze kuhesabiwa baada ya ngozi kukazwa. Kundi liruhusiwe kutaja ilikotoka kila sehemu iliyoazimwa bila kupoteza alama kwa kuazima. Na pembeni mwa maofisa, manju na kungwi wa eneo husika wawe na kiti mezani, wakiwa na mamlaka ya kusema kuwa wimbo fulani hauchezwi hapa. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu jinsi makungwi wenyewe wanavyopambanua kinachofaa hadharani na kisichofaa, kwa kuwa mpaka huo, si ukale wa ngoma, ndio unaopaswa kuongoza hukumu.